Kamba ya Watu Wawili

Asubuhi ile walipotuletea nyati wa kufugwa, kaka yangu Majang alikuwa ameshanoa panga mpaka likawa linanyoa vinyweleo vya mkono. Nilimwambia limetosha. Akanijibu kwamba kwa shingo ya nyati limetosha, ila kwa shingo ya Saliun bado.

"Kaka, usianze."

"Nani kaanza? Mimi au yeye?"

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na Saliun, aliyenipa mimba hiyo, sikuwa nimemtia machoni tangu nilipomwambia.

Kijijini kwetu Minodung mimba ya nje ya ndoa huitia ardhi joto. Ndivyo tulivyolelewa kuamini. Basi mfereji wa mashambani ulipopungua maji, wakasema ni mimi, Lumiris. Panya walipoingia mpunga, Lumiris. Nguruwe wa mzee wa kijiji alipowala watoto wake mwenyewe, Lumiris huyo huyo. Hakuna hata mdomo mmoja uliomtaja Saliun. Tumbo lilikuwa langu, kwa hiyo na joto wakalifanya langu. Kwenye shule ya chekechea nilipokuwa nafundisha watoto kuhesabu, waliniambia nikapumzike nyumbani mpaka mambo yatulie. Jumapili ya wiki ile ile Saliun alipuliza sompoton yake, zumari la kibuyu na mianzi, kwenye sherehe ya mavuno na watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Hata zahanati, kila nilipokwenda, nesi aliniuliza, "Baba yupo?" Nilipokaa kimya, akachora mstari kwenye kadi na kuendelea na maswali mengine.

Lakini mila yetu ina haki kuliko watu wake. Joto la ardhi hupozwa kwa sogit, yaani mnyama anayeletwa na mwanaume, na siku ya kumchinja wote wawili hushika kamba yake mbele ya kijiji kizima. Kamba moja, mikono miwili. Mzee anauliza ni nani aliyeitia ardhi joto, na wote wawili wanajibu kwa sauti, "Ni sisi."

Niliisubiri siku hiyo kama mgonjwa anavyosubiri kupambazuke. Sioni haya kusema: nilipaka nywele mafuta. Nilivaa gauni jeusi la bibi lenye ukanda wa sarafu za fedha. Nilijua nimemkasirikia, tena sana, lakini nilijua pia nitasimama ubavuni mwake, na huenda mkono wake ukagusa wangu kwenye kamba. Mpenzi wa kweli hana akili. Huyu ndiye aliyekuwa akikaa ng'ambo ya bonde jioni, akiweka midomo kwenye kibuyu cha sompoton na vidole kwenye mianzi yake, akinipulizia mimi peke yangu huku macho hayanibanduki. Vidole vile nilivijua kimoja kimoja.

Gari la mizigo la akina Saliun lilipoingia uani, nikaliona shati lake la bluu nyuma, karibu na nyati. Moyo ukaruka. Shati lile nililifua mwenyewe, hata kifungo cha tatu nilikishona kwa uzi mweusi. Kisha mwenye shati akageuka, na uso ulikuwa wa Pidis, binamu yake.

"Saliun yuko wapi?" nikauliza kabla hata hawajashuka.

Mama yake Saliun alishuka taratibu, akashika sketi yake isiguse tope. "Ana homa."

"Homa gani?" aliuliza Odu, bibi yangu aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki. Ana miaka sabini na meno manne, na yote manne huyatumia. "Ya tumbo la mwenzake?"

Watu wakacheka. Ua ulikuwa umejaa, maana siku ya sogit hakuna anayekwenda shamba.

"Mama, cheka tu," mama Saliun akasema. "Mwanangu Jumatatu anaanza kazi mjini. Hoteli kubwa imemchukua apige sompoton kwa wageni. Vidole vyake ndivyo riziki yake. Kamba ya nyati si mchezo, inaweza kumvunja. Ndiyo maana Pidis atashika kwa niaba yake. Nyati tumemleta, tena dume, tena mzima. Wengine huleta nguruwe. Mnataka nini zaidi?"

"Namtaka Saliun," nikasema.

"Binti, mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Mwanangu hakuvunja."

"Hakuvunja, mama. Lakini aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Basi na aje kwa miguu hiyo hiyo."

"Sikiliza midomo hiyo! Na unataka nikuite mkwe?"

"Sijakuomba uniite chochote. Nimeuliza mwanao yuko wapi."

Aki Lantak, mzee wa kijiji, alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Alikohoa. Ni mtu mwema anayependa mambo yaishe kabla ya chakula. "Mila inaruhusu ndugu ashike kamba ikiwa mwenyewe ni mgonjwa. Mama kasema mgonjwa. Tuendelee."

"Aki," nikamwambia, "mimi siwezi kushika kamba na mtu ambaye sikulala naye."

Kicheko kikapasuka ua mzima, hata wanawake waliokuwa wakinisema wakaziba midomo. Na mambo yangeweza kuishia kwenye kicheko, lau si Pidis kufungua kinywa chake.

"Hilo linarekebishika," akasema, akanikonyeza.

Sikumwona Majang akisogea. Nilisikia tu mlio wa kichwa cha kaka yangu kikigonga pua ya Pidis, mlio kama wa kuvunja muwa. Pidis akaenda chini, damu ikaruka kwenye shati la bluu. Majang akamkalia kifuani na kumshindilia ngumi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Saliun akamrukia Majang na kumvuta nywele. Odu akamrukia mama Saliun. Nilimwona bibi yangu wa miaka sabini amening'inia kwenye kilemba cha mwenzake akipiga kelele, "Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi, eh? Kanda la usufi!" Nyati akapiga kwato na kuvuta kamba, watoto wakakimbilia barazani.

Aki Lantak aligonga upatu wa shaba mpaka masikio yakauma. Waliachanishwa. Pidis alisimama akiwa na pua imelala upande mmoja.

"Lumiris," Aki Lantak akaniita, sasa bila upole. "Ukikataa kamba leo, joto linabaki. Likibaki, siwezi kuwazuia watu wasimkataze bibi yako maji ya mfereji. Unanielewa? Shamba lake litakufa."

"Na Saliun watamkataza nini?"

Akatazama pembeni. "Shika kamba, mjukuu wangu."

Nilimtazama Odu. Alikuwa anatikisa kichwa nisikubali, na kilemba cha mama Saliun bado kiko mkononi mwake. Lakini nilifikiria mpunga wake, ulioanza kubeba. Nikanyoosha mkono wa kulia. Aki Lantak akanizungushia kamba kiganjani mara mbili, akaikaza, kama mila inavyotaka. Alipotaka kumzungushia Pidis, Pidis akasema mkono wake umevimba kwa kupigana, ataishika hivi hivi. Wakamruhusu.

Mchinjaji katika mila yetu ni kaka wa msichana. Majang akasimama kwenye bega la nyati akiwa na panga, anahema, jasho na damu ya mtu mwingine vinamtiririka usoni.

"Ni nani aliyeitia ardhi joto?" Aki Lantak akauliza.

Nilifungua mdomo kusema "Ni sisi," nikamsikia Pidis kando yangu, kwa sauti ya pua iliyovunjika, akisema, "Mimi… kwa niaba," na kuanza kucheka.

Ilibidi Majang asubiri ishara. Hakusubiri. Alilishusha panga kwa hasira yote aliyokuwa nayo, na hasira haina shabaha. Halikupata shingo. Lilizama kwenye bega la nyati, likang'ang'ania humo.

Nyati alinguruma, akaruka. Pidis akaachia kamba. Kwa nini asiachie? Haikuwa yake.

Mimi sikuweza kuachia. Nilivutwa kifudifudi, nikajigeuza ubavu nililinde tumbo, nikaburutwa kwenye tope, kwenye mawe ya jikoni, kwenye majivu. Ukanda wa bibi ulikatika na sarafu zikatawanyika. Nilisikia watu wakipiga kelele jina langu. Nilisikia bega langu likitoa mlio. Nyati alipindua meza ya vyakula, wali uliofungwa kwenye majani ukatapakaa, akamkanyaga mbwa, akageuka kuelekea bondeni. Nikajua tukifika bondeni nimekwisha, mimi na aliyemo.

Ndipo mtu akatoka nyuma ya ghala la mpunga.

Alikimbia kifua wazi, shati lake likiwa mwilini mwa binamu yake. Aliidaka kamba mbele yangu, akaizungusha kwenye nguzo ya ghala, na kwa kuwa haikuwa na urefu wa kutosha kufunga, akaizungushia mkono wake mwenyewe na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote. Nyati alifika mwisho wa kamba akiwa mbioni. Nguzo ikalia. Kamba ikamkaza Saliun mkono kwenye mti, na nikaviona vidole viwili vikienda, cha kati na cha pete, kama mtu anavyokata shina la mboga.

Hakuachia.

"Fungua mkono wako, Miris!" alinipigia kelele. "Imelegea huko! Fungua!"

Nikafungua. Nyati alikuwa amepiga magoti. Wanaume wanne wakamwangukia na mapanga yao, na mara hii shingo ikapatikana. Damu ikamwagika mpaka kwenye kizingiti cha ghala.

Nilikuwa bado nimelala nikijipapasa tumbo nilipomwona Majang akimjia Saliun. Panga lake lilibaki kwenye bega la nyati, basi alikuja na miguu na mikono. Alimpiga teke la mbavu. Akampiga ngumi ya shavu. Saliun alikuwa ameshika kifundo cha mkono kinachomwaga damu na hakujikinga hata kidogo.

"Homa imepona?" Majang alikuwa akisema, na kila neno pigo. "Homa! Imepona! Mgonjwa wewe!"

"Piga," Saliun akamwambia. "Piga, kaka."

"Mimi si kaka yako!"

Sijui nilisimamaje. Mchi wa kinu ulikuwa umeegemezwa ghalani, nikaushika kwa mkono uliokuwa mzima, nikamtwanga Majang mgongoni mpaka akapiga magoti.

"Mwache!" nikasema. "Wa kumpiga ni mimi!"

Nikautupa mchi, nikamsogelea Saliun, nikampiga kofi. Uso wake ukaenda upande, ukarudi, na macho yake yakatulia kwenye macho yangu. Macho yale yale ya ng'ambo ya bonde. Nilitaka kumng'ata na nilitaka kumkumbatia, na Mungu anajua kipi kilizidi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya ghala."

"Tangu lini?"

"Nilikata njia ya mashambani. Nilifika kabla yao."

"Ulisikia?"

"Yote."

"Alivyosema linarekebishika, ulisikia?"

"Nilisikia, Miris."

"Walivyomtishia Odu kumnyima maji?"

Akainamisha kichwa.

"Ulikuwa unangoja nini, Saliun? Nife kwanza?"

"Nilikuwa naogopa. Mama alisema nikishika kamba mbele ya watu, hotelini watasikia nina mambo ya kijijini, wataniacha. Nikasema nyati si amekwenda? Nikajiambia nyati atatosha. Kila hatua nilijiambia sasa natoka, na miguu haikwenda."

"Mimi sikuogopa?"

"Uliogopa."

"Nilikuwa na mahali pa kujificha? Ningejificha nyuma ya ghala gani na tumbo hili?"

Damu ilikuwa inamdondoka kwenye miguu yangu. Nilichana upindo wa gauni la bibi, nikaanza kumfunga mkono, nikikaza kuliko ilivyohitajika ili asikie. Alisikia. Alisaga meno na hakuuvuta mkono.

Mama yake alikuwa kwenye tope chini ya nguzo, anapekua kwa vidole vyake vilivyokuwa visafi asubuhi. Alipata kidole kimoja cha mwanawe. Akakifunika kwenye kitambaa akilia kwa sauti iliyonikata maini, nisiseme uongo.

"Umemmaliza mwanangu," akaniambia. "Umemmaliza! Atapigaje sompoton? Nani atamwajiri sasa na mkono huu? Niambie, nani?"

"Mama," nikasema, "mimi nilifukuzwa kazi mwezi wa pili. Hukuja kuuliza nani ataniajiri."

Hakuna aliyecheka. Mama Saliun alinitazama, akatazama tumbo langu, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulitazama bila kulihesabia makosa. Kisha akaendelea kupekua tope. Odu akaja akapiga magoti kando yake, akaanza kumsaidia kutafuta.

Aki Lantak alitusogelea. Nyati alikuwa amelala, na mila ilikuwa haijaisha.

"Ni nani aliyeitia ardhi joto?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni sisi," Saliun akasema.

"Watu wa nyuma hawakusikia," nikamwambia.

Akasimama wima, akiegemea nguzo iliyokula vidole vyake, akapaza sauti mpaka ng'ambo ya bonde. "Ni sisi! Mimi Saliun na Lumiris! Mimba ni yangu na yake! Na mwenye kumnyima bibi maji aninyime na mimi!"

"Ardhi imepoa?" Aki Lantak akawauliza watu.

"Imepoa!" wakaitika.

Mimi sikuitika, maana wakati huo ndipo nilipotambua kwamba tangu niburutwe mtoto hajacheza.

Majang alituendesha zahanati kwa gari lao, analia na kupiga usukani, anaomba msamaha kwa kila shimo la barabara. Mimi na Saliun tulilazwa nyuma, pale pale aliposimama nyati, mama yake ametutandikia mkeka. Bega langu lilikuwa linawaka moto.

"Anacheza?" Saliun akauliza.

"Hachezi."

Baada ya kona mbili akauliza tena. "Sasa?"

"Usiniulize."

Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea tumboni kwangu. Nikauondoa. Akaurudisha kifuani mwake, akaanza kusali kwa midomo bila sauti, na machozi yakawa yanamwingia masikioni kwa jinsi alivyolala. Halafu nikauchukua mkono ule mwenyewe, nikauweka. Si kwamba nilikuwa nimemsamehe. Niliona tu kwamba hofu ile ilikuwa nzito, na nimeibeba peke yangu miezi mitano.

Zahanati nesi alikuwa yule yule. Walimlaza Saliun kitanda cha pili, daktari akaanza kumsafisha mkono. Nesi akaniwekea kile chombo cha kusikilizia tumboni. Akakisogeza kushoto. Akakisogeza kulia. Akakisogeza chini, akakunja uso, akamwambia Majang aache kulia mlangoni. Kisha akatulia.

"Moyo unapiga," akasema. "Unapiga vizuri sana. Mkorofi huyu alikuwa amelala."

Nililia kama sijawahi kulia. Kwenye kitanda cha pili nako nilisikia mtu analia, na daktari akimwambia atulie, sindano itakatika.

Nesi alichukua kadi yangu, akaketi, akaanza kujaza. Tarehe. Uzito. Majeraha. Akafika mahali pale pa siku zote na hata macho hakuinua, kwa mazoea tu, kalamu imeshaanza kugusa karatasi kuchora ule mstari wake.

"Baba yupo?"

Kwenye kitanda cha pili, mkono mmoja uliofungwa bendeji ukainuka juu, mkubwa, mweupe, damu ikianza kupenya, ukainuka kama wa mtoto wa darasani anayeogopa kurukwa.

"Yupo," akasema Saliun. "Andika jina langu."

Nesi alinitazama mimi kwanza, kwani kadi ni yangu. Nilimwacha angoje kidogo. Nilimwacha na Saliun angoje, mkono wake ukiwa bado juu. Kisha nikamtajia nesi jina, herufi moja moja.